Aliyetembea Mbele ya Gari

Kosa linalofichuliwa katika kumbukumbu hizi ni dharau. Sisemi dharau ya matusi, ile inayopiga kelele na kutema mate chini. Hiyo huonekana na watu wote, na mara nyingi mwenye nayo hukemewa mapema akaiacha. Nasema dharau ya kimya, yenye adabu, inayoupokea wema wa mtu mwingine kama vile mwanga wa asubuhi unavyopokelewa, bila kuuliza umetoka kwa nani wala umemgharimu nini. Mwenye dharau hii anaweza kwenda kanisani kila Jumapili, akasoma vitabu, akawafundisha watoto wa wenzake maadili, na asijue kamwe kwamba anayo. Nayaandika haya kwa watu wa rika langu, waliolelewa kambini kama mimi, kwa sababu nashuku kwamba wengi wetu tulitoka nayo huko pamoja na masanduku yetu ya bati.

Baba alipofariki, ndugu zangu walinikabidhi kitu kimoja kilichokutwa chini ya nguo zake: kirungu chekundu cha mpini wa gia, cha duara, kilichokwaruzika upande mmoja. Hawakujua ni cha nini. Mimi nilikileta puani kabla ya kukitazama vizuri, na harufu ilikuwa bado imo, harufu ya oili nzito iliyochanganyika na vumbi na jasho la kiganja. Nililia, na waliokuwapo wakadhani ninamlilia baba peke yake.

Baba alikuwa dereva katika kambi ya askari mjini Kasese. Tulikaa katika nyumba za mabati za duara, zilizopangwa mistari, na joto la Kasese lilizifanya ziwe kama masufuria yaliyofunikwa. Mchana hakuna aliyekaa ndani. Akina mama walipika nje, kila mmoja kwa namna ya kwao, kwa maana tulitoka pande zote za nchi, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha uani: Kiswahili cha amri, kifupi na kikavu, ambacho hata mama zetu walikitumia wakimwita mtoto aoge. Juu yetu, upande wa machweo, ilisimama milima ambayo vilele vyake vilikuwa vimefunikwa na wingu karibu siku zote. Kutoka huko walishuka watu waliotuletea muhogo, ndizi na makaa. Wanawake wao walibeba mizigo mgongoni kwa mkanda mpana uliopita kwenye paji la uso, nao walitembea wameinama, shingo zimekaza, macho yakitazama ardhi.

Sisi watoto wa kambi tulikuwa na mchezo wetu. Tulifunga kamba kwenye paji la uso, tukaning'iniza tofali nyuma, tukatembea tumeinama huku tukiita, "Muhogo! Muhogo mutamu!" Mshindi alikuwa yule aliyewachekesha wengine zaidi. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo. Kichekesho kingine kilikuwa majina. Ukisimama langoni siku ya soko ukaita "Masika!" au "Biira!", waligeuka wanawake kadhaa kwa pamoja, na sisi tulianguka chini kwa kicheko. Mimi niliamini kabisa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba watu wa mlimani hawakupewa majina ya kutosha, na kwamba waliazimana hayo machache waliyokuwa nayo. Hakuna mtu mzima aliyenisahihisha. Nadhani wao nao hawakujua, na hawakuona sababu ya kujua.

Jambo nililolijua vizuri lilikuwa landrova ya baba. Mbali na mpini wa kawaida wa gia, ilikuwa na mipini miwili mifupi sakafuni, mmoja wa kirungu cha njano na mwingine wa kirungu chekundu. Ule mwekundu ulikuwa wa ile gia ambayo baba aliiita gia ya mlima. Barabara ilipokwisha na njia ya mawe na matope kuanza, baba alisimamisha gari kabisa, akaniambia, "Fundi, funga miguu ya mbele!" Nami niliruka chini, nikazungusha vifungio katikati ya magurudumu ya mbele, kimoja kushoto, kimoja kulia, ili magurudumu yote manne yavute pamoja. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa kiburi kikubwa. Kisha baba alikanyaga klachi, akauvuta mpini mwekundu nyuma, na gari likabadilika tabia. Lilinguruma kwa sauti ya juu mno, lakini lilitambaa polepole kuliko mtu anayetembea.

"Sasa hii si gari tena," baba alisema. "Hii ni punda. Iko na nguvu, haina haraka."

Sauti ile iliniumiza. Mtoto husikia sauti kabla ya kuelewa kazi. Niliamini kwamba injini katika gia ya mlima ilikuwa inateswa, kwamba ule mngurumo ulikuwa kilio, na kwamba kirungu kilipakwa rangi nyekundu ili kumwonya dereva asiitese kupita kiasi. Sikumwambia baba, kwa kuogopa angenicheka.

Alinifundisha kushuka kabla ya kunifundisha kitu kingine chochote. Alisema kupanda mlima hata mjinga anapanda; kushuka ndiko kazi. Katika gia ya kwanza ya mlima, injini yenyewe huzuia gari. Ukigusa breki kwenye matope, magurudumu hujifunga na gari huteleza kama sabuni. Ukigusa klachi, umeikata injini kutoka kwenye magurudumu, na hakuna tena kinachokushika.

"Miguu yako unaweka wapi?" aliniuliza kila mara.

"Chini ya kiti, afande!"

"Wacha gari itembee yenyewe. Wewe shika usukani tu."

Likizo moja mama alikwenda kwao kaskazini kumuuguza bibi, na baba akanichukua katika safari zake za Bwera. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuniachia. Bwera ilikuwa mahali pa kelele tamu: mpaka wa Kongo ulikuwa karibu, watu walivuka na kahawa, vitenge na samaki wakavu, na Kiswahili chao kilikuwa kirefu na laini kuliko chetu, kana kwamba kilipakwa mafuta. Juu ya mji, katika mgongo wa mlima, palikuwa na kituo kidogo cha askari, kwa sababu wakati ule milima haikuwa na amani. Baba alipeleka huko unga, maharagwe na mafuta ya taa.

Siku ile tulipanda asubuhi, tukashusha mizigo, tukaanza kurudi mchana, na wingu zito lilikuwa limekwisha kuukalia mlima. Tulikuwa tumeshuka sehemu nzuri ya njia tulipokuta jiwe limeanguka katikati. Baba alizima injini, akaliacha gari kwenye gia, akatoka na mtaimbo. Nilimtazama kupitia kioo. Aliliinua jiwe, likasogea, akaweka mguu vibaya juu ya matope, na jiwe likambiringikia kwenye muundi wa mguu wa kushoto, kisha likaporomoka kando ya njia. Nilisikia mlio kama wa muhogo mkavu unapovunjwa. Baba hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa kiti, akautazama mguu wake ambao sasa ulielekea upande usio wake, na damu ikapenya suruali.

Hapo ndipo nilipofahamu, kwa mara ya kwanza, kwamba baba anaweza kufa. Kituo kilikuwa mbali nyuma yetu, na njia ni ya kupanda. Mvua ikianza, njia ile ingekuwa mfereji, na hakuna gari ambalo lingeweza kupita mpaka ikauke. Baba alikuwa ameanza kutetemeka.

Mwanamke alishuka akitokea kwenye bustani za juu, kijana bado, mzigo wa muhogo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Alituona, akauweka mzigo chini.

"Eh! Bwana iko na taabu," alisema, akapiga magoti. "Mugulu imevunjika."

Baba, hata katika hali ile, alitoa amri. "Wewe! Panda juu, kaita askari. Haraka!"

Mwanamke yule aliutazama mlima, akaitazama mvua. "Askari beko mbali, bwana. Mvua iko karibu. Ukingojea hapa, baridi itakumaliza mbele askari wafike."

Hakungoja ruhusa. Alimwaga muhogo wake wote kando ya njia, akavunja vijiti viwili vya mti, akavilaza pande mbili za mguu wa baba. Kisha akachukua ule mkanda wake wa kubebea, uliosukwa kwa nyuzi ngumu na kulainika kwa jasho la miaka, akauzungusha mguuni mpaka mguu ukatulia. Baba alizimia kidogo, akazinduka. Mwanamke akampa mgongo, akaniambia nimwinue kwa nyuma, akasimama naye. Mtu mzima, mrefu, aliyevaa buti za serikali, alibebwa mgongoni mwa mwanamke ambaye alimfikia begani, mpaka nyuma ya gari, akalazwa juu ya magunia matupu ya unga.

"Na motokari itatembezwa na nani?" aliuliza.

"Fundi," baba alisema kwa sauti ndogo. "Kaa kwa usukani."

Mwanamke yule akanigeukia, akanipima kutoka miguuni mpaka kichwani, akacheka. "Huyu? Huyu kichwa yake haifiki hata ku dirisha!"

Nilikasirika. Lazima niliseme hili waziwazi, kwa sababu ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata. Baba yangu alikuwa anavuja damu, mtu asiyetujua alikuwa amekwisha kuacha chakula chake kwenye matope kwa ajili yetu, na mimi nilichokipata moyoni ni hasira kwamba mtu wa mlimani amenicheka. Nilikunja magunia mawili, nikayakalia. Bado sikuiona ardhi iliyo mbele ya boneti. Upande wa kushoto wa njia palikuwa na bonde, na upande wa kulia ukuta wa udongo wa mlima.

"Mimi napita mbele," alisema. "Weye angalia mukono yangu. Macho ku mukono, si ku shimo."

"Hatuhitaji," nilimjibu.

"Fundi!" baba aliunguruma kutoka nyuma.

Baba aliniambia niwashe injini gari likiwa kwenye gia vilevile, bila klachi, kwa sababu mguu wangu usingeweza kuiachia klachi taratibu. Nilizungusha ufunguo. Gari liliruka mbele mara moja, likakohoa, likashika. Nikaweka miguu chini ya kiti. Punda alikuwa anatembea.

Mwanamke yule alitembea kinyumenyume mbele yangu, miguu mitupu, mikono yote miwili juu. Nilimwona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Sehemu yake ya chini ilifichwa na boneti. Mkono ukienda kulia, niliupeleka usukani kulia. Mkono ukisimama, nilishika usukani kwa nguvu zote na gurudumu likapanda kitu nisichokiona, likashuka. "Huku, huku! Hapo. Pole pole, mama kidogo." Hakuacha kusema. Nadhani alikuwa ameona jinsi nilivyoung'ang'ania usukani, akawa ananitupia maneno kama mtu anavyomtupia kuku punje ili amfuate. Mahali palipokuwa sawa kidogo, baba aliniambia nizime injini apumue, na mwanamke yule akaja dirishani.

"Jina yako nani?"

Nilimwambia.

Naye akanitajia jina lake. Nikacheka. Sikuweza kujizuia, na nadhani sikutaka kujizuia: lilikuwa jina lile lile la mwanamke aliyetuuzia ndizi asubuhi, na la yule aliyefagia mbele ya duka la Bwera tulipolala. Alinitazama akingoja nimwambie kinachochekesha. Akatabasamu nusu, akarudi mbele ya gari.

Tulifika penye mteremko mkali kuliko yote, na hapo mvua ikaanza. Gari liliinamisha pua, na injini, ikiwa inazuia uzito wote ule, ikapandisha sauti mpaka ikawa inapiga yowe. Mbele yangu mwanamke alicheka tena, maji yakimtiririka usoni, akapaza sauti ili nimsikie.

"Motokari yenu inalia sana! Inalia kama nguruwe ya Noeli!"

Alitaka kunituliza. Leo nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini masikio yangu yalisikia dhihaka, na masikio hayo hayo yalikuwa yamekwisha kuamini kwamba injini inateseka. Mambo hayo mawili yakakutana, kuihurumia injini na kumwonea haya yule mwanamke, nami nikatamani kitu kimoja tu, ile sauti inyamaze. Nilitelemka kwenye magunia, nikanyoosha mguu wangu wa kushoto, nikaikanyaga klachi mpaka chini.

Yowe likakoma. Kwa kitambo kidogo palikuwa na ukimya mzuri ambao sijapata kuusahau, mvua tu juu ya bati. Kisha gari likaanza kukimbia.

"Mguu!" baba alipiga kelele. "Toa mguu!"

Sikuutoa. Hofu iliukaza mguu wangu pale ulipokuwa. Niliona uso wa mwanamke yule ukinijia. Nataka msomaji alione jambo hili kama nilivyoliona, kwa maana nimelitazama maisha yangu yote. Angeweza kuruka. Upande wa ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na alikuwa na muda. Hakuruka. Alibaki katikati ya njia, akirudi nyuma mbio mbio, mikono yake yote miwili ikinielekeza kulia, kwenye udongo, mbali na bonde.

"Ku mulima! Mutoto, leta ku mulima!"

Niliuzungusha usukani kulia. Mguu wangu ukateleza kutoka kwenye klachi, injini ikashika kwa kishindo, gari likapiga ubavu wa mlima likazimika. Ni mwishoni kabisa, kabla tu gari halijagonga, ndipo yeye aliporuka, akiwa amekwisha kuchelewa. Sikuhisi chochote chini ya gurudumu, kwa kuwa matope yalikuwa mengi. Nilisikia tu sauti fupi, kama ya mtu aliyeshikwa na kwikwi.

Nilipotoka nilimkuta ameketi, mguu wake wa kulia umezama kwenye udongo mbele ya tairi. Aliuvuta kwa mikono yake miwili. Vidole vilikuwa vimepondwa. Aliutazama kwa muda, akasema maneno machache kwa lugha yake, kisha akageuza uso kuelekea nyuma ya gari alikolala baba.

"Bwana," alisema, "sasa tuko wawili wa mugulu moja."

Mimi nililia, na yeye akanikataza. Aliniambia maji ya mvua yanatosha. Akaokota mti wa kuegemea, akajiinua, akasogea tena mbele ya boneti. "Washa," alisema. Na kuanzia hapo mpaka chini alituongoza kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulishika mti. Miguu yangu ilikuwa chini ya kiti. Niliiminya hapo mpaka ikafa ganzi.

Bwera walituona tukiingia. Walimwona mtoto wa kike, amelowa chepechepe, nyuma ya usukani wa gari la serikali, na baba yake nyuma amefungwa mguu. Askari walikimbia, wachuuzi walikimbia. "Huyu mtoto ndiye ameleta gari kutoka juu?" "Huyu huyu!" "Wewe mtoto ni mwanamume!" Walinikalisha juu ya boneti. Mtu akanipa soda. Baba alibebwa kwenda zahanati, na mimi nilibaki katikati ya watu, nikinywa, nikihisi joto la injini chini yangu na joto la sifa juu yangu, na sikuweza kuyatofautisha.

Yeye alikuwa amesimama pembeni ya kundi, ameegemea mti wake. Alingoja mpaka alipopata upenyo, akasogea.

"Mutoto," aliniambia. "Mukanda yangu."

Mkanda wake ulikuwa kwenye mguu wa baba. Bila huo asingeweza kubeba chochote, wala muhogo aliouacha kule juu. Nilijua hivyo. Askari mmoja, kijana, akadhani anaomba.

"Wewe unataka nini? Toka hapa! Usisumbue mtoto." Kisha akanigeukia. "Unajua huyu?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikimtambulisha yule, ingenibidi niseme kwamba sikuendesha peke yangu; na nikisema hivyo, wangeutazama mguu wake, wangeniuliza ulipondwa na nini.

"Ni mtu wa mlimani tu, afande," nilisema.

Nimeichunguza sentensi ile kwa miaka mingi. Haina neno la uongo. Alikuwa mtu, alikuwa wa mlimani. Uovu wote umo katika "tu".

Hakubishana. Alinitazama vile vile alivyonitazama nilipolicheka jina lake, akingoja nimwambie kitu. Kisha akageuka, akaondoka akirukaruka kwa mguu mmoja kuelekea njia ya juu, kwenye mvua. Jioni, pale zahanati, muuguzi aliukata mkanda kwa mkasi, akautupa kwenye ndoo pamoja na pamba zenye damu. Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo. Sikuuokota.

Kambini Kasese nilipokewa kama shujaa. Watoto walibuni mchezo mpya wa kuendesha landrova, nami nikawa dereva daima. Sikuucheza tena ule mchezo wa kamba kwenye paji la uso, na mtu angeweza kudhani nimetubu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanda cheo.

Baba aliniuliza mara moja, mguu wake ukiwa ndani ya plasta. "Yule mama alienda wapi?"

"Alirudi kwao."

"Hakuumia sana?"

"Hapana, baba."

"Watu wa mlima wana nguvu," alisema, akageukia ukutani. Sijui kama aliniamini au aliona ni rahisi kuniamini. Alibaki akichechemea maisha yake yote, na hadithi ile aliisimulia kila alipoulizwa sababu. Mwanzoni ilikuwa na "mwanamke mmoja". Tulipohamishwa kwenda kambi nyingine, mwanamke akawa "watu wa pale". Nilipokuwa sekondari, watu wa pale walikuwa wamekwisha kuondoka kabisa, amebaki Mungu na binti yake jasiri. Nami niliketi nikisikiliza, nikiona jinsi mtu anavyofutwa taratibu, bila mtu yeyote kukusudia, na kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi mwangu.

Nikawa mwalimu. Katika shule yangu ya kwanza nilifanya kazi na mwenzangu mmoja mzaliwa wa Maliba, kwenye milima ile ile, mtu mpole, na siku moja nilimuuliza, kwa mzaha ule ule wa kambini, kwa nini watu wa kwao wanaazimana majina. Alinieleza bila kuudhika. Masika ni binti wa kwanza kuzaliwa kwa mama yake; Biira ni wa pili; na hivyo kwa mpangilio, kila nafasi na jina lake, wasichana kwa wavulana. Basi mtu akikutajia jina lake amekwisha kukueleza nyumbani kwao: kuna wakubwa wangapi mbele yake, anampisha nani mlangoni, ni nani aliyembeba mgongoni. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Yule mwanamke alikuwa amekuja dirishani kwangu, katikati ya matatizo yetu, akanikaribisha kwao kwa neno moja. Nami nilicheka.

Niliwahi kwenda harusini Kitswamba nikiwa mtu mzima mwenye mume na gari langu mwenyewe. Kutoka pale hadi Bwera si safari ya kumchosha mtu. Nilijiambia kwamba ni miaka mingi, kwamba sitamtambua, kwamba wako wengi wenye jina lile. Hoja hiyo ya mwisho niliitumia bila haya, mimi niliyejua sasa maana ya jina. Nikarudi nyumbani, na juma lile nikawafundisha wanafunzi wangu somo la shukrani.

Katika mazishi ya baba, msemaji wa ukoo aliisimulia tena hadithi ile. Aliisimulia vizuri, na mvua yake, na jiwe lake, na mtoto aliyeketi juu ya magunia. Watu walinigeukia wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi niliinamisha macho, kama nilivyozoea, na wao wakaona ni unyenyekevu.

Baadaye tuliketi nyuma ya nyumba, wanawake wa familia, tukichambua mchele. Kile kirungu chekundu kilikuwa mapajani mwangu. Binti wa kaka yangu, ambaye alikuwa ameanza kujifunza udereva mwaka huo na hakuwa akizungumza jambo jingine, alikichukua akakizungusha kiganjani.

"Shangazi, mimi kitu kimoja sikielewi," alisema. "Nikikaa chini kidogo tu kwenye kiti, sioni barabara iliyo karibu. Na ile boneti ya landrova ni ndefu, iko juu. Wewe ulikuwa mdogo vile. Uliionaje njia?"

Wenzake walimzomea. "Mwache shangazi! Mungu alimwonyesha."

"Mungu alimwonyesha kwa nani?" aliuliza yule binti, bila utundu wowote, kwa kutaka kujua tu.

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Nilisikia ile injini, na safari hii sikunyoosha mguu kuinyamazisha. Niliwaambia kuhusu muhogo uliomwagwa, na mkanda, na vidole vilivyopondwa, na mguu wangu mwenyewe uliokanyaga pasipotakiwa. Niliwaambia alikuwa binti wa tatu wa mama yake, na kwamba alitembea kinyumenyume mbele yangu kutoka juu mpaka chini. Hakuna aliyechambua mchele tena.

"Shangazi," binti wa kaka yangu alisema, "aliitwa nani?"

Aliitwa Kabugho.